Viganja Tisa Kufika Kitandani

Mkono ulikuwa umesogea tena.

Kokugonza aliuona kabla hata hajaitua ndoo ya uji. Jana alama ya mwisho ilikuwa sawia na msumari wa kutundikia kanga. Leo ilikuwa imeupita msumari, mbichi, imezama kwenye udongo kana kwamba mtu amepita sasa hivi gizani akipapasa. Nyuma yake zilifuatana nyingine, kiganja baada ya kiganja, kuanzia mlango wa uani, zikapita ukumbini, zikakata kona na kuingia chumbani kwa Bibi Nyamizi.

Alitoa utepe wa kupimia, akaurudisha mfukoni. Kwa wiki mbili sasa hesabu ilikuwa ile ile: kila alfajiri, kiganja kimoja.

"Vimebaki vingapi?" sauti iliuliza kutoka kitandani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nimeuliza vimebaki vingapi."

Koku, maana hilo ndilo jina alilofupishiwa chuoni, alipima kwa macho nafasi kati ya alama ya mwisho na mto wa kulalia. "Tisa, Bibi."

"Tisa. Leo Jumanne." Bibi Nyamizi alihesabu kwa vidole juu ya shuka, taratibu, kama abiria anayeambiwa saa ya treni. "Basi ni Alhamisi ya juma lijalo. Vizuri. Ukifa Alhamisi, Ijumaa unazikwa na watu wengi."

Kwenye kigoda kando ya kitanda, ugali wa jana ulikuwa umekauka na kupasuka juu. Mlenda ulikuwa umeganda. Hakuna aliyeugusa ila inzi.

"Bibi, hujala."

"Anayesafiri halishwi sana, mjukuu wangu. Utalisha ukuta au utanilisha mimi? Lisha ukuta. Wenyewe una njaa kuliko mimi."

 Koku hakuwa mtu wa kubishana na mkubwa. Alichovya brashi pana kwenye uji mwepesi wa ulezi, akaanza kuupaka ukutani kutoka juu kwenda chini, kama alivyofundishwa. Ukuta ulikunywa. Ukitega sikio ulisikia mlio mdogo, laini, kama wa mtoto anayenyonya usingizini. Alikuwa akiukuza ule mkono kwa uji mzuri wa moto, na mwenye nyumba alikuwa akinyauka hatua mbili kutoka pale.

*

Kazi ile ilianza siku arobaini nyuma.

Tangu mvua zilipobadilika zikawa zinanyesha Tabora miezi saba bila kupumzika, nyumba za udongo za mji wa kale zilikuwa zikiyeyuka kama sukari guru. Ulikuwa unapita mtaani Ijumaa unaiona nyumba iliyojengwa zama za reli ya kwanza. Jumatatu unakuta kichuguu. Ndiyo maana chuo kilianzisha somo la kuhifadhi majengo ya kale, na ndiyo maana kwenye maabara yake kulikuwa na matangi kumi na manne yaliyochemka bila moto, yakifuga udongo hai.

Haukuwa uchawi, ingawa mtaani waliuita hivyo. Ulichukua udongo wa ukuta wenyewe, ukauchanganya na bakteria waliofundishwa kuishi humo. Waliziba nyufa na kuugandisha udongo chembe kwa chembe, mpaka maji yakawa hayapenyi. Na walikuwa na akili moja ya ajabu: walifuata mgandamizo. Mahali palipowahi kubonywa na mkono wa mkandikaji, udongo hushikamana zaidi, hata miaka mia ikipita. Bakteria wakalisikia hilo na kuurudisha ukuta katika sura yake, mabonde na matuta, alama za vidole vya watu waliokwisha kuwa mifupa.

Ila kwa siku saba za mwanzo udongo ule ulikuwa kama ndama aliyezaliwa leo: kilichoutangulia kwa harufu, ndicho mama. Kwa hiyo glavu.

"Masharti yangu ni matatu," Dakta Mbutolwe, mwalimu wao, alikuwa akisema kila muhula, akiyahesabu kwa chaki. "Usifanye usichoweza kukitengua. Kipya kionekane kuwa ni kipya. Jengo halidanganyi, usilifundishe. La tatu: andika kila kitu kwenye daftari la kazi. Kila kitu. Hata aibu yako."

Siku ya kwanza kwa Bibi Nyamizi, Koku alifika na karai lake la udongo hai limefunikwa kitambaa cheupe. Mwenye nyumba alikuwa akimngoja, amejifunga kanga mpya.

"Huo ndio udongo?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi tuufungue ukuta."

Ilikuwa desturi ya wanawake wa pale, nayo haikuandikwa kwenye kitabu chochote cha Koku. Ukuta haukandikwi na mgeni mpaka mama wa nyumba autie mkono kwanza, kuuambia kwamba huyu anayekuja ni mtu wetu, usimwangukie. Bibi alikunja mkono wa gauni, akauzamisha mkono wa kulia kwenye karai mpaka kwenye kifundo, akauinua ukichuruzika, na kuubandika ukutani karibu na mlango wa uani. Alisema maneno ya Kinyamwezi, mafupi. Kisha akacheka kama msichana.

Mfukoni mwa Koku kulikuwa na jozi ya pili ya glavu. Alikuwa ameileta kwa ajili yake hasa. Lakini angeanzaje? Kumwambia mama wa miaka sabini na minane, ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwamba mkono wako utanichafulia kazi? Binti aliyelelewa Bukoba na nyanya yake hakuwa na mdomo wa maneno hayo. Aliinamisha kichwa, akasema, "Asante, Bibi."

Jioni alifungua daftari la kazi. Palikuwa na mstari ulioandikwa tayari na nafasi ya kujaza: Kilichogusa mchanganyiko. Aliishika kalamu kwa muda mrefu. Kisha akaandika: Hakuna.

*

Siku ya kumi na mbili kiganja cha kwanza kikatokea.

Bibi Nyamizi ndiye aliyekigundua, kwa kupapasa, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Koku alimkuta amesimama ukumbini, mkono wa kulia umetua ndani ya alama, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni bila yeye kuyafuta.

"Mayu," alikuwa akisema. Mama. "Mayu, umerudi kutafuta njia yako."

Siku hiyo alisimulia. Alisimulia amesimama, hakuutoa mkono.

Mama yake alikuwa kipofu. Kwa miaka ishirini alitembea nyumba ile kwa mkono mmoja, akiuburuza ukutani kutoka kitandani kwake mpaka mlango wa uani, mpaka udongo ukachimbika mfereji wa kimo cha nyonga. Watoto waliuita njia ya mama. Kisha Nyamizi akafikisha miaka ishirini na sita, na watu wa kutoka Nzega wakatuma habari kwamba wanakuja kuleta posa.

"Nikaona aibu," Bibi alisema. "Ukumbi una mtaro kama umekwaruzwa na ng'ombe. Watasemaje? Nikaukandika wote. Vidole vitatu vya udongo, mjukuu wangu, nikausugua kwa jiwe mpaka ukawa laini kama sahani. Nikapaka na chokaa. Sikumwambia. Nilisahau kumwambia, au sikutaka anikataze, leo hii sijui lipi ndilo kweli."

Mchana ule mama alitoka kwenda uani. Akapapasa. Hapakuwa na njia.

"Nilimsikia. Nilikuwa jikoni na mashoga zangu, tunachambua mchele, tunacheka. Nikamsikia anauliza, 'Nani ameiondoa njia yangu?' Si kwa kelele. Anauliza tu, kama mtu anayeuliza kijiko kiko wapi. Nikajisemea, nikimaliza ungo huu nitakwenda. Akauliza tena. Nikasema, bado kidogo. Alikwenda upande sio. Akaanguka kwenye ngazi za nyuma. Jua lilipozama alikuwa amekwisha. Posa haikuja, wakaja kwenye msiba."

Hakuwahi kuolewa. Hakuwahi kuihama ile nyumba. Na hakuwahi, kwa miaka hamsini na miwili, kwenda kaburini, kwa sababu alisema hakuwa na uso wa kwenda nao.

"Sasa yeye ndiye anayenijia," alisema, na kuukandamiza mkono wake ndani ya alama. "Ona unavyoingia. Watu wote walisema, mkono wangu na wa mama ni mmoja. Siku atakayonifikia pale kitandani, tutaondoka wote. Nami nitamwomba msamaha ana kwa ana."

Toka siku ile alianza kupunguza chakula.

*

"Mhaya wa kwanza duniani asiyejisifu," Shaweji alisema Jumatano mchana, akiingia maabara na maandazi mawili kwenye karatasi. "Kazi bora kuliko zote darasani, na amejikunja hapa kama paka aliyemwagiwa maji. Wewe wa kuwekwa makumbusho."

Shaweji alikuwa Mzaramo, mrefu, mwenye kucheka kwanza na kufikiri baadaye, na ndiye mtu pekee chuoni ambaye Koku aliweza kuongea naye bila kuangalia viatu. Hakucheka alipomwona uso.

"Nini?"

Koku aligeuza kioo cha skana kumwelekea. Usiku wa kuamkia siku ile mashine ilikuwa imemaliza kuusoma ukuta wa Bibi Nyamizi, tabaka kwa tabaka. Juu kulikuwa na zile alama, sasa zimechorwa kwa rangi kulingana na kina. Kwa macho, ncha za vidole zilikuwa zimefifia. Udongo mnyevu hujaa kingo. Skana haikudanganyika na kingo.

"Hesabu pingili," Koku alisema.

Shaweji alihesabu. "Kidole cha pete. Kimekatika juu."

"Vyote viko hivyo. Kuanzia cha kwanza."

"Kwa hiyo mama yake alikatika kidole."

"Si mama yake." Sauti ya Koku ilikuwa ndogo mno. "Mashine ya kusaga, akiwa na miaka tisa. Alinionyesha mwenyewe. Ni mkono wake, Shaweji. Aliutia kwenye karai siku ya kwanza, nikamwachia. Udongo haumjui mtu mwingine. Kila usiku analala kaunyoosha mkono ukutani, anamwita mama yake, na udongo unafuata jasho. Anajivuta mwenyewe."

Shaweji aliweka maandazi chini.

"Na mama?"

Koku alibonyeza, na picha ikazama ndani zaidi. Vidole vitatu chini ya uso wa ukuta, kama mto uliokauka unaoonekana kutoka angani, palikuwa na mfereji. Ulianza ukumbini na kwenda moja kwa moja mpaka mlango wa uani, umelala, haujaguswa na chochote.

"Yupo hapo," Koku alisema. "Hajasogea hata kidogo."

Mashine ya kupoza hewa ilinguruma. Nje wanafunzi wa mwaka wa kwanza walipita wakigombania mpira.

"Sikiliza," Shaweji alisema mwishowe. "Jumatatu wakaguzi wa kutoa kibali cha udongo hai wanakuja kuona ukuta huo. Wakiridhika, nyumba nyingine kumi na mbili zinapakwa kabla ya Novemba. Ukisema sasa, watasimamisha. Ile ya Mzee Kitwana haina mvua mbili mbele yake, unajua. Na wewe utarudia mwaka. Ngoja Jumatatu ipite."

"Ikipita Jumatatu zinabaki siku tatu."

"Tatu zinatosha kumwambia."

"Ugali haugusi tena, Shaweji."

Alikuna kichwa. "Basi niachie mimi. Mimi ni mtani wake. Mnyamwezi hawezi kumkasirikia Mzaramo, ni sheria ya babu zetu toka enzi za misafara. Nitamchokoza mpaka ale kwa hasira."

*

Shaweji alikwenda Ijumaa, na Koku akasimama ukumbini akisikiliza.

"Hodi! Nasikia kuna Mnyamwezi humu anajifanya anakufa!"

"Nani huyo mwenye sauti ya debe?"

"Shaweji, mtani wako. Nyinyi mlibeba pembe za watu kutoka hapa mpaka Bagamoyo, miezi mitatu kwa miguu, leo kijiko cha uji kinakushinda kubeba?"

"Na nyinyi mlikuwa wapi? Si mmelala mnatungoja tuwaletee!" Sauti ya Bibi ilichangamka, Koku akasogea karibu na mlango. "Mzaramo akiona mzigo huugua mgongo hata kama haujamfikia."

"Kula basi upate nguvu za kunitukana vizuri."

"Njoo karibu, mtani. Karibu zaidi. Umekuja wakati mzuri."

Zikafuata sauti ambazo Koku hakuzisikia vyema. Sanduku la bati likifunguliwa, kitu kikitandazwa. Hakukuwa na kicheko tena. Shaweji alipotoka alikuwa amekumbatia furushi la nguo nyeupe, na alipita mpaka barabarani ndipo akasimama.

"Amenikabidhi sanda," alisema. "Kasema mtani ndiye anayeongoza kaburi, na mimi ndiye mtani aliyeletwa. Kanipa na jembe, Koku. Nimeliacha mlangoni. Nimekwenda kumchekesha nimetoka na kazi ya kumzika." Alijifuta pua kwa kiwiko. "Yule mama hafanyi mchezo. Mkono ukifika atakata roho kwa kuamua tu."

Viganja vilivyobaki vilikuwa sita.

Koku alirudi ndani peke yake. Bibi alikuwa amelala usingizi mwepesi, mdomo wazi kidogo, mkono wa kulia umenyooka ukutani, kidole kifupi kikiwa mbele ya vingine katika kutafuta. Pale kwenye ncha ya vidole vyake udongo ulikuwa umeanza kulegea na kung'aa. Koku alipiga magoti, akatazama. Uliinuka na kushuka, polepole, ukipumua kwa mwendo mmoja na yule aliyelala.

Akajua kwamba hawezi kungoja mpaka Jumatatu. Alijua pia kitu kingine kilichomtisha zaidi: kwamba kama asingesema chochote, hakuna mtu ambaye angemlaumu. Kizee kingekufa kinatabasamu, kimesamehewa. Ukuta ungepata kibali na nyumba kumi na mbili zingepona. Watu wote wangefurahi, na uongo wenyewe ungekuwa wa neno moja tu, Hakuna, kwa mwandiko mzuri.

*

Koku alikwenda Jumamosi saa kumi jioni, kabla jua halijazama. Hakubeba uji. Alibeba daftari.

"Leo ukuta unafunga?" Bibi aliuliza aliponusa hewa.

"Bibi, nina neno."

"Sema."

Halikutoka. Alisimama kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Bibi aligeuza kichwa kumwelekea, macho yake ya ukungu yakamtafuta na kumkosa kidogo upande wa kushoto.

"Binti, aliyekuja na neno halafu akakaa nalo, ni kama aliyekuja na nyoka mfukoni. Litoe tulione."

"Ule mkono si wa mama yako."

Mkono wa Bibi ulibaki ukutani.

"Ni wako. Siku ile ulipofungua ukuta, udongo ulikushika wewe. Ulitakiwa uvae glavu, na nilikuwa nazo, nikaona haya kukwambia. Nimeuona kwenye mashine. Kidole cha pete ni kifupi. Kila alama. Unakufuata wewe kwa sababu unalala umeushika." Alikuwa analia sasa, na aliendelea kwa sababu alijua akinyamaza hatarudia. "Kosa ni langu. Niliandika kwamba hakuna mtu aliyegusa. Niliandika uongo, Bibi."

 Taratibu, Bibi Nyamizi alivuta mkono kutoka ukutani, akauleta mbele ya uso wake kana kwamba angeweza kuuona, na kwa mkono wa kushoto akaugusa, kidole baada ya kidole, kama mtu anayekagua kuku sokoni. Alipofika cha pete alisimama.

"Toka."

"Bibi..."

"Nimesema toka. Siku thelathini na mbili naongea na mama yangu! Nimemwambia mambo ambayo sijamwambia Mungu! Wewe ulikuwepo hapo na ndoo yako, unapaka, unapaka, unasema shikamoo Bibi, asante Bibi. Asante ya nini? Adabu gani hiyo ya kumwacha mtu aongee na mkono wake mwenyewe?"

 Koku alirudi nyuma mpaka mlangoni, akaketi kizingitini. Hakuondoka. Ndani alisikia pumzi za Bibi zikipanda na kushuka, na baada ya muda mrefu, ile sauti tena, kavu.

"Bado upo?"

"Nipo."

"Kwa hiyo nilikuwa najiomba msamaha mwenyewe."

"Ndiyo, Bibi."

"Na kuna siku nilihisi ukuta unanibonyeza, kama mtu anasema haya, yamekwisha. Huyo aliyesema yamekwisha alikuwa mimi?"

"Nadhani hivyo."

"Mhuni mkubwa," Bibi alisema. "Kujisamehe haraka namna hiyo."

Ilikuwa karibu kucheka, lakini haikufika. Akauliza, "Na yeye? Mayu? Hakuwahi kuja kabisa?"

"Njia yake ipo." Koku alisogea tena ndani, nusu hatua. "Chini ya udongo wako ule wa posa. Vidole vitatu. Haijaguswa. Tukiosha huu udongo hai kwa siki, kila kitu cha juu kitakufa na kupukutika. Halafu tunaweza kuifunua, kama utataka. Ungeweza kuishika."

Bibi alifikiri kwa muda mrefu mno, mpaka mwanga wa dirishani ukashuka kutoka ukutani kuja sakafuni.

"Osheni," alisema. "Lakini msiifunue. Niliyeifunika ni mimi, nisije nikafunuliwa na watu wa chuo halafu nikaiita toba." Kisha: "Fungua hilo daftari. Uandike nisikie kalamu."

Koku aliandika sakafuni, amepiga magoti, akisoma kwa sauti kila neno. Aliandika tarehe ya siku ile na tarehe ya leo. Alipomaliza alimpigia simu Dakta Mbutolwe. Mwalimu aliuliza kama ameandika au amesema tu.

"Nimeandika, Mwalimu."

"Jumatatu utawaambia mwenyewe, umesimama mbele ya ukuta. Sitakusemea." Pumzi ilisikika. "Na nyumba ya Mzee Kitwana tutaitafutia turubai."

*

Jumapili alfajiri Koku alikuja na dumu la siki na kukuta kitanda kitupu.

Shuka ilikuwa imekunjwa. Kigoda kilikuwa kitupu. Alama ya mwisho ilikuwa pale pale ilipokuwa jana, imeanza kukauka kingo. Alikimbia ukumbini akiita, akapita viganja vile vyote kinyumenyume, na akili yake tayari ilikuwa imeshaona ngazi za nyuma na mwili chini yake.

Bibi Nyamizi alikuwa amekaa kwenye ngazi, amejitanda kanga mbili, fimbo magotini.

"Umechelewa," alisema. "Wazazi wako hawakukufundisha kuamka? Nishike mkono. Tunakwenda makaburini."

"Bibi, huna nguvu. Siku zote hizi hujala..."

"Kwanza chai basi. Na chapati mbili. Siwezi kwenda kuomba msamaha na njaa, itaonekana nimekwenda kuhurumiwa."

Walikunywa chai kwa mama mmoja wa kona aliyekuwa ndio kwanza anawasha jiko. Bibi alikula chapati moja na nusu, polepole, akipumzika katikati, na nusu iliyobaki akaifunga kwenye pindo la kanga. Kisha wakatembea. Ilichukua saa nzima mwendo ambao Koku angeumaliza kwa robo. Kila walipopumzika Bibi alimuuliza wamefika wapi, na Koku akamwambia.

Makaburi ya zamani yalikuwa kwenye mteremko nyuma ya reli. Koku hakuwahi kufika. Alipoyaona alisimama, na Bibi akasimama pia kwa kuwa alikuwa amemshika kiwiko.

Mvua za miezi saba zilikuwa zimefika huku kabla yao. Hapakuwa na safu. Vilima vya udongo vilikuwa vimesawazishwa vikabaki vivimbe vidogo, kama miili iliyolala chini ya shuka moja kubwa, na mawe ya kichwani yalikuwa yametelemka yakakusanyika bondeni. Mbao zenye majina zilishaoza. Nyasi ndefu zilifunika vyote sawasawa.

"Tumefika?" Bibi aliuliza.

"Tumefika."

"Walimzika upande wa machweo. Wa nne kutoka kwenye njia. Kulikuwa na jiwe jeusi. Nipeleke."

Njia haikuwepo. Mawe meusi yalikuwa mengi, yote bondeni. Koku aliangalia vile vivimbe, na kimoja, karibu na pale waliposimama, kilikuwa na umbo zuri na nyasi chache. Kingemfaa mtu yeyote. Macho ya Bibi yasingejua. Ingetosha kumsogeza hatua nne na kusema, ni hapa.

"Sijui ni lipi, Bibi," alisema. "Mvua imeyafuta yote. Kuna kama mia mbili. Siwezi kukuonyesha."

Upepo ulipita kwenye nyasi. Mkono uliokuwa umemshika kiwiko ulikaza, ukakaza mpaka ukauma, na Koku akangoja kufukuzwa kwa mara ya pili.

"Huna hata la kubahatisha?"

"Sina, Bibi."

Mkono ukalegea. Bibi Nyamizi alishusha pumzi ndefu, akasukuma nyasi kwa fimbo mpaka ikagonga kivimbe cha kwanza, kile cha pembeni kabisa kilichoegemea reli. Akajishusha kwa taabu mpaka akachutama mbele yake, akarekebisha kanga kichwani kama mtu anayesimama kwenye mlango wa watu.

"Hodi," alisema. "Mimi ni Nyamizi. Kama ni wewe, Mayu, niliiondoa njia yako, na nilikusikia ukiuliza. Kama si wewe, unisamehe kwa usumbufu."

Alisikiliza kidogo. Kisha akanyoosha mkono juu, Koku akamwinua, wakaenda kaburi la pili.